Mkia wa Swali na Jibu Lake: Ufundishaji wa Kiingereza Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Mwanafunzi wa Kyela anayetaka kujua namna ya kuimalizia sentensi ya Kiingereza "I am late", yaani "nimechelewa", kwa kile kiswali kifupi cha kuomba uthibitisho, anaweza kukusanya majibu matatu kabla jua halijatua: kitabu kimoja kitampa "aren't I", kingine kitampa "am I not", na watu wazima wengi waliokipata Kiingereza kazini zaidi kuliko darasani watamwambia aseme "isn't it" na aendelee na shughuli zake. Wazazi wanaopitia madaftari nyumbani hubaki wameduwaa, walimu wa msingi na wa sekondari husahihishana, na mara nyingine swali la kuchagua ambalo ufunguo wa msahihishaji umelipa jibu moja huwa na majibu mawili yanayokubalika kwa wenye lugha yao. Mkanganyiko huo una sababu zinazoeleweka, na baadhi yake hazimo katika Kiingereza hata kidogo. Zimo katika Kiswahili, na katika namna mtihani unavyoamua kipi kifundishwe.

Umbo lenyewe na vighairi vyake

Kiswali hicho, ambacho walimu wengi hukiita kwesheni tegi na ambacho hapa kitaitwa mkia wa swali, hubandikwa mwishoni mwa kauli ili msikilizaji aithibitishe au aikane. Katika sentensi "The farmers have dried the cocoa, haven't they?", yaani "wakulima wamekausha kakao, sivyo?", msemaji hufanya kazi nne kwa mpigo: hukitafuta kitenzi kisaidizi cha kauli, kile kitenzi kidogo kinachobeba wakati na ukanushi, ambacho hapa ni "have", huigeuza hali ya kauli, yakinishi ikawa kanushi na kanushi ikawa yakinishi, huibadilisha nomino "farmers" kuwa kiwakilishi "they", kisha hupindua mpangilio ili kitenzi kitangulie mtenda. Kauli isipokuwa na kitenzi kisaidizi, kama "He sold the rice", yaani "aliuza mchele", kazi ya tano huongezeka, kwa sababu msemaji hana budi kukiazima kitenzi "do", kukivika wakati uliopita na kukikanusha, hadi apate "didn't he?"

Juu ya kanuni hiyo vimerundikwa vighairi, na hapo ndipo ugomvi wa madaftari huanzia. Umbo "amn't I", ambalo kanuni ingelitarajia baada ya "I am", linaishi bado Uskoti na Ayalandi, lakini Kiingereza sanifu cha Uingereza kililitupa na kuliazima "aren't I" badala yake, huku "am I not" likibaki sahihi ila lenye ukavu wa kiofisi. Sentensi "She has a canoe", yaani "ana mtumbwi", ilipewa mkia "hasn't she" katika vitabu vya Kiingereza cha Waingereza wa zamani, ilhali vitabu vya sasa hupendelea "doesn't she". Mwalimu aliyefundishwa kwa kitabu cha kwanza na yule aliyefundishwa kwa cha pili wote wana haki, na mwanafunzi aliyepita mikononi mwa wote wawili ana haki ya kuchanganyikiwa. Neno "nobody" huvuta mkia yakinishi wenye kiwakilishi cha wingi, "did they", ingawa lenyewe huchukua kitenzi cha umoja, na mwaliko "Let's go" huishia na "shall we", ambayo haimo popote katika sentensi iliyoizaa.

Kuna jambo jingine ambalo ubao hauwezi kulionyesha, nalo ni kiimbo, yaani mpando na mshuko wa sauti. Sauti ikipanda kwenye mkia, msemaji hajui na anauliza kweli; ikishuka, anajua na anataka kuungwa mkono tu. Maneno ni yale yale, herufi ni zile zile, na tofauti yote imo kooni.

Kwa nini mkia huu ni mzigo

Kiswahili kina mkia wake, na mkia huo haubadiliki: "sivyo", "siyo", "au siyo", "si ndiyo". Neno "sivyo" limeundwa kwa "si" ya ukanushi na "-vyo" ya namna, kwa hiyo huashiria kauli nzima iliyotangulia bila kujali mtenda ni nani, ni wangapi au tendo lilitokea lini. Hapa kuna kinyume kinachochekesha kidogo. Kiswahili, lugha inayodai upatanisho wa kisarufi kila mahali, kiasi kwamba kiti kimoja kirefu kilichovunjika hurudia sauti yake neno baada ya neno, kinauacha mkia bila upatanisho wowote. Kiingereza, ambacho upatanisho wake umechakaa hadi kubaki ile "s" ya umoja, kinaudai hapo hapo mwishoni kwa ukali usiokuwapo kwingine. Kiswahili hakiko peke yake, kwani Wafaransa wana "n'est-ce pas" isiyobadilika na Wajerumani wana "nicht wahr", ambayo bila shaka ilisikika siku za boma la Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, muda mrefu kabla mtoto yeyote wa eneo hili hajaambiwa atafute kitenzi kisaidizi.

Ugumu wa pili unatokana na muundo wa kitenzi. Katika neno "walikausha" mtenda, wakati na tendo vimefungwa pamoja kama mzigo mmoja, na hakuna kipande kinachoweza kuchomolewa na kupelekwa mwishoni mwa sentensi. Kinyakyusa nacho, kwa kuwa ni lugha ya Kibantu, hufunga mzigo wake kwa jinsi hiyo hiyo. Ugumu wa tatu ni wa jinsia, kwani lugha hizo mbili hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, na mwanafunzi ambaye maisha yake yote "yeye" imetosha hutakiwa kuchagua "he" au "she" katika sehemu ya sekunde, wakati akili yake ingali inahangaika na "did".

Haifai kudhani kwamba ugumu huu ni wa wageni peke yao. Roger Brown na Camille Hanlon, walipochunguza usemi wa watoto wa Kimarekani katika kazi yao ya 1970, waliona kwamba mikia kamili huja baada ya mtoto kumudu ukanushi, maswali ya kawaida na ufupishaji wa sentensi, kwa sababu inajengwa juu ya vyote hivyo; kabla ya hapo mtoto hujitosheleza kwa mguno mmoja usiobadilika, ambao kazi yake ni ile ya "ee?" ya Kiswahili. Patsy Lightbown na Nina Spada nao, katika kitabu chao kinachosomwa sana na walimu wa lugha, wanaiweka mikia ya swali kwenye hatua ya mwisho ya safari ya mjifunzaji katika kuunda maswali.

Kiingereza kinapoishi Kyela

Mtoto wa Ipinda au Matema hukua na Kinyakyusa nyumbani, au Kikisi iwapo watu wake ni wafinyanzi wa ufuo wa mashariki chini ya milima ya Livingstone. Hujifunza kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, ambako Kiingereza ni somo tu. Kisha anapoingia kidato cha kwanza hukuta Kiingereza kimekuwa lugha ya masomo karibu yote. Mpangilio huo umelalamikiwa kwa miongo mingi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipandishwe hadi sekondari, na mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, walioalikwa kupima hali ya Kiingereza nchini, waliona kwamba kiwango cha wanafunzi wengi kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo. Serikali hata hivyo ilikibakiza Kiingereza na kukazania kukiimarisha.

Mtu angetarajia kwamba mpaka ungesaidia, kwa kuwa ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi, ambako Kiingereza ni lugha rasmi na ambako sheria ya elimu ya 2013 ilikiteua kuwa lugha ya kufundishia. Lakini anayevuka Kasumulu kwenda Karonga huwakuta Wangonde, ambao lugha yao na Kinyakyusa ni ndugu wa tumbo moja, na biashara ya mchele, samaki na mitumba huendeshwa kwa lugha hizo pamoja na Kiswahili na Kichewa. Kiingereza kipo mpakani, ila kimelala juu ya fomu na mihuri.

Hali hiyo inazaa kioja ambacho ni kiini cha tatizo. Mkia wa swali ni miongoni mwa vipande vya Kiingereza vinavyoishi zaidi mdomoni, kwani hautafutwi katika kitabu cha kemia wala katika barua ya maombi ya kazi. Unatafutwa sokoni, kwenye simu, mezani. Mwanafunzi wa Kyela, kinyume chake, hukutana nao karibu kila mara kwenye karatasi, ukiwa pengo la kujazwa, bila sauti, bila msikilizaji na bila jambo lolote analotaka kuthibitishiwa.

Wanaoshikilia kanuni

Msimamo wa kwanza, na ulio mkongwe, husema kanuni ifundishwe waziwazi, hatua kwa hatua, na izoezwe kwa sentensi nyingi hadi mkono uzoee. Nguvu yake ni kubwa kuliko wakosoaji wake wanavyokiri. Katika darasa lililojaa, lenye vitabu vichache na mwalimu mmoja mwenye chaki, jedwali la mikia ubaoni ni kifaa cha bei nafuu. Mwalimu ambaye mwenyewe hajiamini katika mazungumzo anaweza kulifundisha bila kuaibika. Tena mkia humlazimisha mwanafunzi kurudia vitenzi visaidizi, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa ukanushi na maswali yote ya Kiingereza. Zaidi ya yote, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania umeegemea maswali ya kuchagua, na mkia wa swali ni chakula chepesi kwa mtungaji wa maswali ya aina hiyo: kauli, pengo, machaguo, basi.

Udhaifu wake nao uko wazi. Ujuzi unaopatikana hivyo hubaki umeganda ubaoni, kwa kuwa mazungumzo hayamngoji mtu apige hatua nne au tano, na mwanafunzi aliyepata alama zote katika kujaza mapengo huweza kuishi miaka bila kuutamka mkia hata mmoja kwa hiari yake. Vighairi, ambavyo ni vichache na havitumiki sana, hupewa muda mwingi kuliko maumbo ya kila siku kwa sababu ndivyo vinavyotega. Na kiimbo, ambacho ndicho maana yenyewe, hakitajwi, au hutajwa kwa mshale wa chaki unaoelekea juu na mwingine unaoelekea chini.

Wanaotaka mazungumzo yatangulie

Msimamo wa pili unatoka kwa wafuasi wa mkabala wa kimawasiliano, ambao unashikilia kwamba lugha hujifunzwa kwa kutumiwa kutimiza haja halisi. Kwa mtazamo huo mikia michache ifundishwe kama vipande vizima visivyovunjwavunjwa, "isn't it", "don't you", "didn't they", ndani ya mazungumzo ambamo mtu ana sababu ya kuomba uthibitisho: mnunuzi anayetaka kuhakikisha kwamba vyungu vimetoka Ikombe, abiria anayetaka kujua kama meli imeshaondoka bandari ya Itungi. Hapo kiimbo hupata mahali pake, na mwanafunzi huona kwamba mkia ni tendo la kijamii, la kupunguza makali ya kauli, kutafuta kukubaliwa, au hata kumbana mtu kwenye kona.

Msimamo huu ni sahihi kuhusu lugha, lakini hushindwa na hesabu ya darasa. Mazungumzo ya wawili wawili katika chumba chenye madawati yaliyobanana hugeuka upesi kuwa kelele ambazo mwalimu wa chumba cha pili huzilalamikia, na mwalimu hawezi kusikia ni nani amepandisha sauti na nani ameishusha. Pia unadai mwalimu mwenye ulimi uliozoea mikia, naye mwalimu huyo ni zao la mfumo ule ule wa kujaza mapengo.

Wanaoiridhia "isn't it"

Msimamo wa tatu huwatia wazazi wasiwasi zaidi, kwa kuwa unahoji haja yenyewe ya kazi hizo nne. Josef Schmied, aliyekichunguza Kiingereza cha Afrika Mashariki kwa miaka mingi, aliitaja "isn't it" isiyobadilika miongoni mwa tabia zake. Tabia hiyo hiyo inajulikana India na Afrika Magharibi, na hata London vijana wanaitumia "innit" kumalizia kauli yoyote. Barbara Seidlhofer, katika makala yake ya 2004 kuhusu Kiingereza kinachowaunganisha watu wasiozaliwa nacho, aliuweka mkia usiobadilika kwenye orodha ya makosa ambayo walimu huyapigania sana ilhali kwa kawaida hayazuii maelewano. Nyuma ya hoja hizo kuna mabishano ya zamani zaidi kati ya Randolph Quirk na Braj Kachru, yaliyochapishwa kati ya 1990 na 1991, wa kwanza akitetea kipimo kimoja cha usanifu kwa wajifunzaji wote na wa pili akitetea haki ya Viingereza vya makoloni ya zamani kujitawala.

Nguvu ya msimamo huu ni ukweli wake: mfanyabiashara anayesema "You brought the rice, isn't it?" ameeleweka kikamilifu, naye amefanya kile hasa "sivyo" inachofanya. Udhaifu wake ni kwamba gharama ya kuwa tofauti hailipwi na mwanaisimu aliyeandika makala. Inalipwa na mtahiniwa wa Kyela atakayewekewa mkasi, na msailiwa ambaye atahukumiwa kuwa hajasoma. Mtoto wa inglishi midiamu ya mjini atafundishwa mkia kamili kwa vyovyote vile, kwa hiyo kuuondoa katika shule za vijijini kwa jina la uhuru wa lugha kungepanua pengo ambalo tayari ni pana.

Ndiyo ambayo Mwingereza huisikia kinyume

Misimamo yote mitatu inabishana kuhusu mwulizaji, na hapo ndipo yote mitatu inapopungukiwa, kwa sababu mtego mkubwa zaidi unamngoja anayejibu. Lugha hutofautiana katika namna ya kujibu kauli kanushi. Katika Kiswahili, kama katika Kijapani, jibu hupima ukweli wa kauli yote: aliyeulizwa "Hukwenda Matema, sivyo?" anaweza kujibu "Ndiyo", akimaanisha "ni kama ulivyosema, sikwenda". Katika Kiingereza jibu hufuata hali ya tendo lenyewe: kama mtu hakwenda, jibu ni "No", hata kama mwulizaji amepatia. Kifaransa na Kijerumani vimeona hatari hiyo na kuweka neno la pekee la kuipinga kauli kanushi, "si" na "doch"; Kiingereza cha leo hakina kinga hiyo.

Matokeo yake yanaonekana kwa mfano mmoja wa forodhani. Afisa anauliza: "You don't have anything to declare, do you?", yaani "huna bidhaa ya kutolea taarifa, sivyo?" Msafiri asiye na kitu, akifikiri kwa Kiswahili, anajibu "Yes", na kwa masikio ya Kiingereza amekiri kwamba ana bidhaa. Daktari mgeni akiuliza "You haven't taken any medicine today, have you?" na mgonjwa ambaye hajameza kidonge tangu asubuhi akajibu "Yes", kitakachoandikwa kwenye faili ni kinyume cha kilichotokea. Ikilinganishwa na makosa hayo, "isn't it" iliyokaa mahali pa "didn't they" ni doa dogo la mavazi, na hata hivyo saa za darasa hutumika kulifuta doa hilo.

Wasemaji wa Kiswahili wenyewe wanajua kwamba "ndiyo" yao inaweza kuwa na utata baada ya kauli kanushi, ndiyo maana wengi hawaiachi peke yake, hurudia kitenzi. Aliyeulizwa "Huna mzigo, sivyo?" hujibu "Sina", na shauri limekwisha. Kiingereza nacho kina jibu fupi la aina hiyo, "I don't", na kitenzi kinachohitajika kimo tayari katika mkia uliotoka kinywani mwa mwulizaji: "do you" huzaa "I do" au "I don't", "have they" huzaa "they have" au "they haven't". Anayejibu hatafuti kitenzi kisaidizi, halazimiki kukiazima "do", wala hachagui "he" au "she", kwa kuwa vyote hivyo amepewa na mwenzake. Anachotakiwa ni kusikiliza mkia na kuusema ukweli.

Kipi kitangulie

Ikiwa ni hivyo, mpangilio uliozoeleka umewekwa kichwa chini, kwa kuwa humtaka mwanafunzi aunde mkia miaka kadhaa kabla ya kufundishwa kuujibu. Ni busara zaidi mwalimu ndiye auulize mkia na darasa lijibu, kwanza kwa kitenzi, "I do", "I don't", kama Kiswahili kilivyowazoesha, kisha kwa "Yes" na "No" zikiambatana na kitenzi hicho, mpaka "Yes, I don't" iwakere masikioni. Zoezi hilo linafaa darasa kubwa, kwa sababu wanafunzi sabini wanaweza kuitikia kwa pamoja bila vurugu, na mwalimu asiye na ufasaha mkubwa anaweza kuandaa mikia yake kumi usiku wa kuamkia kipindi. Uundaji wa mkia, pamoja na lile jedwali la kanuni, usubiri hadi ukanushi na maswali ya kawaida yamekwisha kukaa. Wakati huo kanuni haitakuwa mzigo mpya, itakuwa jina la kitu ambacho sikio limekwisha kukijua. Vighairi kama "aren't I" na "shall we" ni vya kupitishwa kama misemo, dakika tano, bila kutegewa mtu.

Gharama ipo. Shule itakayochelewesha uundaji wakati mtihani unauuliza mapema itawaumiza watahiniwa wake wa kwanza, na hakuna mwalimu mkuu anayeweza kulaumiwa kwa kulikataa hilo. Kwa sababu hiyo mabadiliko hayawezi kuanzia Kyela. Yanaanzia kwa mtungaji wa mtihani, ambaye hahitaji fedha wala vifaa, kwa kuwa swali la kuchagua linabaki kuwa swali la kuchagua. Badala ya kauli na pengo la mkia, ataandika mazungumzo ya mistari miwili, wa kwanza akiuliza "You didn't go to Matema, did you?" na wa pili akijibu kwa pengo linalofuatiwa na "I stayed in Ipinda", na machaguo yatakuwa "Yes, I did", "Yes, I didn't", "No, I did" na "No, I didn't".